Open RAN: Mabilioni Yanamwagwa Kwa Booster, Lakini Nani Anakula na Nani Analipa?

Toka nje kidogo ucheki juu. Hata kama uko Pipeline kwa ile ploti haionangi jua, kuna booster mahali karibu. Labda iko juu ya gorofa ya jirani, labda imesimama peke yake kwa uwanja na fensi na taa nyekundu. Kila video umewahi kuscroll, kila M-Pesa umewahi kutuma, kila "umefika?" ya saa sita usiku imepitia hapo.

Sasa kuna swali wasee wengi hawajiulizangi: hivyo vyuma vya huko juu vinatoka kwa nani, na anayeviuza anaitisha ngapi?

Hapo ndipo kuna vita, na vita yenyewe inaitwa Open RAN. Serikali ya Marekani imetoa doh. Uingereza imetoa doh. Bilionea wa Japan ameweka kampuni yake rehani juu ya hii kitu. Kampuni moja ya Marekani imejenga mtandao mzima hivi, ikafika kwa mamilioni ya watu, halafu ikauza masafa yake na kuanza kufunga minara. Na cheki kubwa kuliko zote ikaishia kwa mtu ambaye vita ilianzishwa kumpunguzia nguvu.

Tuichambue mdogo mdogo, juu bei ya hivyo vyuma iko ndani ya ile soo unanunulia bundles.

Kwanza, booster iko na nini ndani?

Watu hudhani booster ni kitu moja. Ni mbogi ya vitu.

Kuna mlingoti wenyewe. Huo ni chuma tu, na mara nyingi hata si wa kampuni ya laini yako. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kumiliki milingoti na kuikodisha, kama landlord na maploti yake.

Kuna antena na redio, zile vitu ndefu nyeupe ziko juu. Redio ndiyo inarusha na kushika mawimbi ya simu yako.

Kuna boksi ya akili, hiyo huwekwa chini kwa kabati. Ndiyo inaamua nani apewe net kwa hii sekunde, nani angoje, na simu yako ihamie booster gani ukiwa ndani ya matatu Thika Road.

Halafu kuna barabara ya kutoka hapo kwenda kwa moyo wa mtandao: fiber, ama zile sahani za duara zinaangaliana kutoka mlingoti hadi mlingoti.

Antena, redio na boksi ya akili zikiwa pamoja ndizo mainjinia huita RAN, yaani ile sehemu ya mtandao inagusana na simu yako moja kwa moja. Na ni soko ya pesa mingi. Kampuni ya utafiti ya Dell'Oro iliweka mauzo ya RAN duniani mwaka 2024 kwa karibu dola bilioni 35. Kwa rate ya 129, hiyo ni kama shilingi trilioni 4.5. Bajeti nzima ya serikali ya Kenya ya 2025/26 ilikuwa kama trilioni 4.29. Umeshika picha?

Kampuni tano, dunia nzima

Sasa hiyo doh yote karibu yote inaenda kwa kampuni tano: Huawei na ZTE za Uchina, Ericsson ya Uswidi, Nokia ya Ufini na Samsung ya Korea Kusini. Zamani zilikuwa mob. Nortel ya Canada ilifilisika 2009. Mitambo ya mtandao ya Motorola ilinunuliwa na Nokia Siemens 2011. Alcatel-Lucent ikamezwa na Nokia 2016. Wauzaji wakaisha mmoja mmoja.

Wakiwa wachache ni shida, lakini shida kubwa ni vile wanakufunga. Ukinunua redio ya kampuni moja, lazima ununue boksi ya akili ya kampuni hiyo hiyo. Redio na boksi huongea kwa lugha inaitwa CPRI, ilitengenezwa 2003, na kwa karatasi ni lugha ya wote. Kwa ground, kila kampuni iliongeza Sheng yake. Ni kama umtoe msee wa Dandora umpeleke Kibera: lugha ni moja, lakini kuna vitu ataambiwa abaki anashangaa.

Kwa hivyo kampuni ya simu ikishachagua muuzaji wa eneo fulani, imeoa. Ikitaka kuongeza 5G, inarudi kwa huyo huyo. Ikitaka kumwacha, inapanda milingoti mia mbili na kung'oa kila kitu. Yeye anajua hivyo, na bei anaiweka akijua hivyo.

Open RAN ni nganya

Kuelewa Open RAN, fikiria nganya.

Nganya hainunuliwi ikiwa nganya. Mwenyewe ananunua chesisi, tuseme ya Isuzu. Anaipeleka kwa mafundi wa bodi. Msee mwingine anaweka mziki, mwingine skrini, mwingine anachora graffiti ya yule msanii unapenda. Fundi wa mziki akikuletea ufala, unamfuta na unaita mwingine. Hautupi gari. Yote inawezekana juu vipimo vinajulikana: matundu, waya, volti.

Open RAN inataka booster iwe hivyo. Nunua redio kwa huyu, nunua programu ya boksi ya akili kwa yule, iweke kwa seva ya kawaida kama zile ziko kwa ofisi yoyote kubwa, na vyote viongee lugha moja isiyo na Sheng ya mtu. Boksi ya akili yenyewe inagawanywa mara mbili: sehemu inakaa karibu na mlingoti kushughulikia mambo ya haraka haraka, na nyingine inaweza kukaa mbali, mjini, ikisimamia booster mingi.

Lugha hiyo inaandikwa na chama kinaitwa O-RAN Alliance, kilianzishwa 2018 na AT&T ya Marekani, China Mobile, Deutsche Telekom ya Ujerumani, NTT DOCOMO ya Japan na Orange ya Ufaransa. Cheki hiyo listi tena. Hao wote ni wanunuzi. Hakuna muuzaji wa vifaa hata mmoja. Hii kitu ilianza kama wanunuzi wamekaa chini kusema "hawa watu wa vifaa wametuzoea sana."

Halafu siasa ikaingia

Ingebaki tu stori ya mainjinia kama si Huawei. Mei 2019 Marekani iliweka Huawei kwa listi ya kampuni ambazo haziuziwi teknolojia yake bila kibali. Julai 2020 Uingereza ikasema vifaa vyote vya Huawei vitolewe kwa 5G yake kufikia mwisho wa 2027.

Swali likawa: ukimtoa Huawei, unabaki na nani? Kwa nchi hizo, Ericsson na Nokia, na Samsung kidogo. Yaani umekataa duka moja ukajipata umebaki na maduka mawili mtaa mzima. Serikali zikaona Open RAN ni njia ya kuzalisha wauzaji wapya.

Uingereza ikatenga pauni milioni 250 za kutafuta wauzaji wengine, na ikaweka lengo kwamba asilimia 35 ya trafiki ya simu ipite kwa mitambo iliyo wazi kufikia 2030. Vodafone ikaahidi site 2,500, na ya kwanza ikawashwa Bath, Januari 2022. Marekani, kupitia sheria ya CHIPS ya Agosti 2022, ikaweka mfuko wa dola bilioni 1.5 wa hii kazi, za kutumika kwa miaka kumi. Februari 2024 kama dola milioni 42 za mfuko huo zikapewa kundi linaloongozwa na AT&T na Verizon kujenga maabara ya kujaribu kama vifaa vya kampuni tofauti vinaelewana kweli.

Umeona hiyo ya mwisho? Serikali inalipa milioni 42 kucheki tu kama redio na boksi zinasalimiana. Weka hiyo akilini, tutarudi.

Japan: bilionea na jezi ya Barca

Kama wewe ni Barca damu, Rakuten unaijua. Jina lilikuwa kwa kifua cha jezi kuanzia 2017 hadi 2022, zile siku za Messi na machozi yake. Rakuten ni kampuni ya Hiroshi Mikitani, iliyotajirika kwa duka la mtandaoni. Aprili 2020 iliingia biashara ya simu Japan, ambayo ilikuwa na majitu matatu wamekalia soko. Ikajenga mtandao kutoka zero kwa hii njia ya wazi, programu juu ya seva za kawaida. Walidai itawaokolea kama asilimia 40 ya gharama ya kujenga.

Halafu wakapata ngori. Mwaka 2022 Rakuten Group ilipata hasara ya zaidi ya yen bilioni 370, karibu dola bilioni 2.8, na kidonda kikubwa kilikuwa hapo kwa simu. Lakini tuwe fair. Kilichowaumiza sana si lugha ya redio na boksi. Walihitaji booster mingi kuliko walivyopanga, na kila mahali hawakuwa na booster walilipa mshindani wao KDDI ili wateja wao wapate net. Mlingoti ni mlingoti. Programu ikiwa poa aje, haisimamishi chuma na haileti stima.

Na mwananchi wa Japan? Huyo alikula vizuri. Rakuten iliingia na data bila kikomo kwa yen 2,980 kwa mwezi. Serikali nayo ilikuwa inasukuma bei zishuke. Desemba 2020 DOCOMO, jitu kubwa zaidi, ikatangaza mpango mpya unaitwa ahamo: GB 20 kwa yen 2,980. Bei ilishuka juu mchezaji wa nne aliingia na serikali ikabonyeza. Kufikia mwisho wa 2024 Rakuten ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 8 na ilikuwa inaanza kupumua.

Marekani: Dish ilifika, halafu ikafunga duka

Dish ilikuwa kampuni ya TV ya satelaiti. T-Mobile ilipomeza Sprint mwaka 2020, serikali ya Marekani ilitaka kuwe bado na mchezaji wa nne, na Dish ikapewa nafasi. Ikajenga 5G ya Open RAN pekee, programu ikikimbia kwa mitambo ya Amazon. Ilianzia Las Vegas, Mei 2022. Kufikia Juni 2023 ilikuwa imefunika asilimia 70 ya Wamarekani.

Kwa hivyo mtu akikuambia Open RAN haifanyi kazi, mwambie Dish ilifanya ikafanya. Simu zilipigwa. Net ilishika.

Kilichokosa ni watu. Wateja hawakuja wa kutosha, deni likapanda, na mwaka 2025 wasimamizi wa masafa wa Marekani wakaanza kuuliza kwa nini masafa hayo yote yametulia. Agosti 2025 EchoStar, mama wa Dish, ikakubali kuuzia AT&T masafa ya takriban dola bilioni 23. Septemba ikakubali kuuzia SpaceX ya Elon Musk mengine ya takriban bilioni 17. Wateja wa Boost Mobile, hiyo laini yao, sasa wanabebwa na minara ya AT&T.

Fikiria hiyo kidogo. Ile kampuni iliyokuwa mfano wa Open RAN Marekani, kitu yake ya maana zaidi mwishoni haikuwa teknolojia. Ilikuwa hewa, zile haki za kurusha mawimbi.

Cheki ya bilioni 14

Sasa tufike kwa cheki ile nilitaja mwanzo. Desemba 2023 AT&T ilitangaza itatumia karibu dola bilioni 14 kwa miaka 5 kubadilisha mtandao wake uwe Open RAN. Lengo ni kwamba asilimia 70 ya trafiki yake ya simu ipite kwa vifaa vya wazi kufikia mwisho wa 2026. Hiyo ni kama shilingi trilioni 1.8.

Na mshindi ni nani? Kampuni mpya ya vijana kwa gereji? Apana. Ni Ericsson. Jitu kati ya majitu, kampuni ya mwaka 1876. Aliyepoteza ni Nokia, ambaye vifaa vyake ndivyo vinang'olewa. Fujitsu ya Japan ilitajwa pia upande wa redio, lakini sahani kubwa ni ya Ericsson.

Kwa hivyo AT&T ilikuwa na wauzaji wakubwa wawili, ikafanya Open RAN, ikabaki na mmoja mkubwa zaidi. Vifaa vinaweza kuongea na vya wengine, ndiyo. Lakini ni kama kununua nganya yote kwa fundi mmoja, halafu akuambie "matundu ya spika ni ya kawaida, siku ukitaka utaweka spika ya mwingine." Inaweza kuwa kweli. Swali ni kama hiyo siku itafika.

Wakati huo, wale wadogo ambao Open RAN ilitakiwa kuwainua wameumia. Parallel Wireless ilifuta wafanyakazi wengi 2022. Mavenir, moja ya majina makubwa ya hii stori, ilibidi ipange upya madeni yake 2025. Na soko lote la Open RAN bado ni chini ya asilimia 10 ya soko la RAN.

Kwani ile pesa ya kuokoa ilipotelea wapi?

Hapa ndipo kuna funzo lenyewe, na linatumika kwa vitu mob nje ya simu.

Kwanza, kuunganisha ni kazi, na kazi inalipwa. Nganya yako ikizima ghafla Globe, fundi wa waya atasema ni chesisi, wa chesisi atasema ni mziki, wa mziki hashiki simu. Kwa booster ni hivyo hivyo. Net ikipotea, muuzaji wa redio anasema ni programu, wa programu anasema ni seva. Ukinunua kila kitu kwa Huawei ama Nokia, unapiga simu moja. Ukichanganya, lazima umlipe mtu wa tatu wa kubeba lawama. Ndio maana serikali zinalipia maabara.

Pili, kuna stima. Boksi za zamani huwa na chipu zilizotengenezwa kwa hiyo kazi moja tu, kwa hivyo zinafanya haraka na kwa umeme kidogo. Seva ya kawaida inaweza kufanya kila kitu, lakini kwa kazi nzito kama 5G ya mjini inaweza kula umeme zaidi mpaka uiongezee chipu ya kuisaidia. Na RAN ndiyo inakula sehemu kubwa ya stima ya mtandao wowote.

Tatu, unaweza kutoka kwa mkono mmoja ukaingia kwa mwingine. Seva nyingi za Open RAN zimekuwa zikitumia chipu za Intel. Umekimbia muuzaji wa boksi, umejipata kwa muuzaji wa chipu.

Nne, wadogo wananunua vipande kidogo kidogo. Huawei ikiagiza chipu inaagiza za dunia nzima. Kampuni ndogo ikiagiza ni kama kununua unga kwa kadogo: kilo kwa kilo, unalipa zaidi.

Na huku kwetu je?

Afrika hii si stori ya kusikia kwa jirani. Oktoba 2019 Vodafone ilitangaza majaribio ya Open RAN Uingereza, Msumbiji na DRC. Vodafone na Vodacom, kama hujui, ndio wenye hisa wakubwa kwa Safaricom. Mwezi uliofuata MTN ikatangaza mpango wa site zaidi ya 5,000 za mashambani kwa nchi zake.

Mbona mashambani? Juu huko kampuni inapiga hesabu na inakataa. Booster ya Kilimani inalipwa na maelfu ya watu wakistream. Booster ya kijiji kule Turkana ama Tana River inalipwa na watu mia chache wenye kabambe, wanaoweka kredo ya mbao. Ukipata redio ya bei nafuu, inayokula stima kidogo kiasi cha kutosha na sola, hiyo hesabu inaanza kuingiana. Na huko haihitaji 5G ya kutisha. 2G na 4G za kawaida zinatosha, na hapo vifaa vya wazi haviteseki sana.

Lakini hapo hapo kuna kamba. Dish ilijenga 5G pekee. Rakuten ilianza na 4G. Sisi hatuwezi kuzima 2G leo, juu nyanyako shags anatoa M-Pesa yake kwa simu ya batani. Mtandao wowote mpya hapa lazima ubebe vya zamani na vipya pamoja, na hiyo kuchanganya ndiyo Open RAN huona ngumu zaidi. Ukisikia mtu anasema "Japan walifanya, sisi pia tufanye," muulize kuhusu nyanyako.

Kitu ingine: Kenya haikumfukuza Huawei. Safaricom ilipoanza kujaribu 5G Machi 2021 ilitumia Nokia na Huawei pamoja. Kuwa na wauzaji wawili ni njia ya zamani ya kufanya kile Open RAN inataka kufanya. Mmoja akiringa, unamwonyesha mwingine. Kampuni ya London ilitakiwa kumtoa Huawei kwa sheria, ya Nairobi inaweza kumtumia kubargain.

Na hiyo ndiyo naona faida halisi ya hizi mabilioni zote mpaka sasa. Ukiwa na namba ya fundi wa pili, fundi wa kwanza hushusha bei hata kama hutampigia huyo wa pili. Ericsson na Nokia zimefungua vifaa vyao kidogo kwa sababu zilibanwa. Lakini fundi wa pili akifa njaa, namba yake haina maana tena. Ndio maana kufa kwa kampuni ndogo ni habari mbaya hata kwako ambaye hujawahi kusikia majina yao.

Sasa bundles zitashuka?

Tupige hesabu ya mfano tu, hizi namba ni za kuelewa. Sema umenunua bundles za soo moja. Ndani ya hiyo soo kuna ushuru, mshahara, kodi ya mlingoti, stima na dizeli, fiber, leseni ya masafa, matangazo, na faida ya wenye hisa. Tuseme vifaa vya RAN ni bob 10 ya hiyo soo. Open RAN ikifanya muujiza na kupunguza bei ya vifaa kwa asilimia 30, umeokoa bob 3. Na hiyo bob 3, nani amesema itakuja kwako?

Japan ilikuja kwa mwananchi juu kulikuwa na mchezaji mpya mwenye njaa, na serikali inasukuma. Bila hizo mbili, pesa ikiokolewa kwa booster inaweza kukaa tu huko juu. Kwa hivyo siku utaona kichwa cha habari "kampuni fulani yaleta Open RAN, bei kushuka," tulia kwanza uulize vitu vitatu:

- Nani ameunganisha, na net ikipotea nani anabeba lawama? Kama jibu ni kampuni moja ya vifaa vyote, hiyo ni ndoa ya zamani na gauni mpya.
- Inaenda wapi? Kama ni Westlands, hiyo ni picha za mtandaoni. Kama ni mahali hakukuwa na net kabisa, hapo kuna kitu.
- Kuna mshindani yeyote anayefaidika? Kama hakuna, bundles zako ziko salama pale pale zilipo.

Na kama unatafuta kazi

Hii sehemu ni ya wewe uko na laptop, muda na hauna digrii. Zamani kujifunza RAN ilikuwa lazima uajiriwe kwanza, juu vifaa vilikuwa siri ya kampuni. Leo kuna programu za bure kabisa, OpenAirInterface iliyoanzia Ufaransa na srsRAN iliyoanzia Ireland, zinazofanya kompyuta iigize booster. Unaweza kujaribu mtandao mzima ndani ya mashine yako bila kurusha mawimbi yoyote. Na usirushe, juu kurusha kwa masafa ya watu bila leseni ya Communications Authority ni kesi.

Vitu zinatakiwa huko ni Linux, mitandao ya kawaida, na Kubernetes, ile programu ya kusimamia programu zingine kwa seva mingi. Hizo unaweza soma usiku kwa bundles za usiku. Open RAN ikishinda, wanaojua kuunganisha ndio watalipwa. Ikishindwa, hizo skills bado zinatakiwa kwa benki, kwa wingu, kila mahali. Kati ya watu wote kwa hii stori, wewe ndiye unaweza kuingia bila kuweka bilioni.

Majitu yataendelea kuandikiana cheki. Ukipita chini ya booster kesho, angalau unajua ni nini iko kwa hiyo kabati, na nani anataka uendelee kuilipia.